Somo la Afya ya Jamii: Utii wa Masharti ya Kukaa Mbalimbali Wakati wa Maradhi ya Mripuko

Somo hili linawahusu watumishi wa Serikali wa ngazi zote, masheha, walimu, maofisa wa bandari na wananchi kwa jumla. Madhumuni yake ni kueleza kwa nini watu hutakiwa kukaa mbalimbali wakati wa maradhi ya mripuko, kwa nini mara nyengine hutii na mara nyengine hukaidi, na ni wajibu gani unaotukabili kabla ya maradhi mengine kutufikia. Mifano mikubwa imechukuliwa katika visiwa vya Samoa, vilivyoko Bahari ya Pasifiki, kwa sababu hali ya watu wake inashabihiana na yetu: ni watu wa visiwani, wenye jamaa wengi, ibada za pamoja, na bandari ambayo kheri na shari zote hupitia hapo.

1. Hesabu ya maambukizo

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mgonjwa mmoja anaambukiza watu watatu, na kila mmoja wao anaambukiza watatu wengine. Katika hatua ya kwanza wanaougua ni 3, ya pili 9, ya tatu 27, ya nne 81 na ya tano 243. Sasa tuseme watu wamepunguza kukutana kwao kwa nusu, ikawa kila mgonjwa anaambukiza mtu mmoja na nusu kwa wastani. Katika hatua hiyo hiyo ya tano, wanaougua hawafiki 8. Tofauti ya watu 243 na watu 8 haikuletwa na dawa wala hospitali mpya. Imeletwa na watu waliokubali kupunguza safari, mikusanyiko na kupeana mikono.

Hata hivyo, kukaa mbalimbali hakuzuii maradhi yote kwa kiasi kimoja. Kwa Uviko-19, Shirika la Afya Duniani lilishauri umbali usiopungua mita 1, na baadhi ya nchi zikaweka mita 2. Baadaye ilidhihirika kwamba virusi huweza pia kuelea hewani katika vyumba vilivyofungwa, na kwa hiyo kufungua madirisha kukawa na umuhimu mkubwa. Kipindupindu hupita katika maji na chakula. Huko kinga yake ni maji salama, vyoo na usafi wa mikono. Surua huambukiza kwa kasi kupita maradhi mengi yanayojulikana, na ngao yake kubwa ni chanjo. Mtumishi anayetangaza sharti hana budi kujua linafaa kwa maradhi gani. Sharti lisilo na sababu hudharauliwa, na likidharauliwa moja, mengine yote hufuata.

2. Si jambo geni kwetu

Wapo wanaodai kwamba kujitenga ni desturi ya kigeni. Historia haikubaliani nao. Mafundisho ya Mtume Muhammad (S.A.W.) yanajulikana na kila aliyepita madrasa: mtu asiingie katika nchi iliyopatwa na tauni, wala asitoke humo kuikimbia. Mwaka wa 18 Hijria, Khalifa Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari ya tauni ya Amwas, akashauriana na masahaba kisha akarejea, akieleza kwamba kurejea kwake nako ni katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Na katika tauni hiyo hiyo, Amr bin Al-As aliwaamuru watu watawanyike milimani. Hao hawakuwa watu wenye imani dhaifu.

Hapa kwetu, kisiwa cha Changuu, ambacho wageni hukiita kisiwa cha gereza, kilijengewa gereza mwishoni mwa karne ya 19, lakini majengo yake yakatumika kuwa karantini ya wasafiri. Wazee wetu walifahamu kwamba kisiwa kina ngome ambayo bara haina, nayo ni bahari. Lakini ngome hiyo haina faida ikiwa lango lake, yaani bandari, halina mlinzi mwaminifu.

3. Samoa mwaka 1918: bahari moja, matokeo mawili

Mwaka 1918 visiwa vya Samoa vilikuwa chini ya tawala mbili. Samoa ya Magharibi ilitawaliwa na jeshi la New Zealand, chini ya Kanali Robert Logan. Samoa ya Mashariki ilikuwa ya Marekani, chini ya Gavana John Martin Poyer, ofisa wa jeshi la wanamaji. Watu wa pande zote mbili ni wa lugha moja na koo moja, na bahari inayovitenga visiwa vyao vikubwa haifiki kilomita 100.

Tarehe 7 Novemba, 1918, meli iitwayo Talune ilitia nanga Apia ikitokea Auckland kwa kupitia Fiji. Ndani yake mlikuwamo wagonjwa wa homa ya mafua iliyokuwa ikienea duniani wakati huo. Huko Fiji meli hiyo ilikuwa imewekewa karantini; Apia abiria waliruhusiwa kushuka. Katika muda wa wiki chache walifariki watu wapatao 8,500, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Nyumba nyingi zilikosa hata mtu mmoja mzima wa kupika au kuteka maji. Msaada wa matibabu kutoka upande wa Marekani haukupokewa. Tume iliyochunguza maafa hayo mwaka 1919 iliona kwamba utawala ulikuwa na uzembe.

Upande wa pili, Gavana Poyer alipopata habari za maradhi hayo aliweka karantini kali kwa vyombo vyote. Lakini gavana mmoja hawezi kulinda kila ufukwe. Kazi hiyo ilifanywa na wenyeji wenyewe: vijiji viliweka walinzi pwani kuzuia madau yasitue usiku, ingawa waliomo huenda walikuwa ndugu zao. Karantini iliendelea hadi mwaka 1920. Katika Samoa ya Marekani hakufa hata mtu mmoja kwa homa ile.

Mafunzo yaliyomo humu ni mawili. La kwanza ni kwamba mfano huu unaipindua methali tuliyoizoea. Husemwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Apia hapakuwa na la mkuu la kusikilizwa. Aliyekosa ni aliyekuwa na mamlaka ya kufunga lango akaliacha wazi, na miguu iliyovunjika ni ya wananchi. La pili ni kwamba pale amri ilipofaulu, ilifaulu kwa sababu watu waliifanya kuwa yao.

Madhara yake hayakuishia makaburini. Chuki iliyobaki ilichangia harakati za kudai uhuru, ambao Samoa ya Magharibi iliupata tarehe 1 Januari, 1962. Mwaka 2002 Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliomba radhi rasmi mjini Apia. Imani iliyopotea kwa siku moja bandarini ilidaiwa kwa zaidi ya miaka 80.

4. Samoa mwaka 2019: imani ikipotea, na inavyorejeshwa

Nchi hiyo hiyo inatupa somo jengine. Mwezi wa Julai 2018 watoto wachanga wawili walifariki baada ya kupigwa sindano ya chanjo iliyochanganywa kwa makosa na dawa nyengine. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro, lakini wazazi waliingiwa na khofu, na Serikali ikasimamisha utoaji wa chanjo kwa muda. Mwaka huo ni kiasi cha mtoto mmoja tu katika kila watatu aliyepata chanjo ya surua.

Surua ilipoingia mwaka 2019 ilikuta mlango wazi. Waliougua walizidi 5,700 na waliofariki walikuwa 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5, katika nchi yenye watu wapatao 200,000. Mwezi wa Novemba ilitangazwa hali ya hatari, skuli zikafungwa, na watoto wakakatazwa kuhudhuria mikusanyiko. Tarehe 5 na 6 Disemba shughuli za Serikali na biashara zilisimamishwa, wananchi wakatakiwa wabaki majumbani, na kila nyumba yenye mtu asiyechanjwa itundike kitambaa chekundu mbele yake. Vikundi vya wachanjaji vikapita nyumba hadi nyumba vikifuata vitambaa hivyo.

Inafaa tuzingatie jambo hilo. Kitambaa chekundu mlangoni ni kukiri mbele ya majirani kwamba nyumba hii haijakingwa. Watu walikitundika kwa sababu walijua kitaleta mhudumu wa afya. Lau wangalidhani kitaleta polisi au kejeli, vitambaa vingebaki kabatini. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini ni juu yetu sisi watumishi kuhakikisha kwamba asiyeficha haumbuliwi.

5. Mambo yanayowafanya watu watii

Kutokana na mifano hiyo, na kutokana na yale tuliyoyaona wenyewe tangu mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 alipotangazwa Zanzibar tarehe 18 Machi, 2020, yafaa yazingatiwe mambo haya matano:

(a) Sababu ielezwe pamoja na sharti. Mtu anayejua kwa nini anatakiwa asimame mbali atalitekeleza hilo hata pasipo na anayemtazama.

(b) Ukweli usemwe mapema, na usemwe tena unapobadilika. Elimu ya maradhi mapya hukua kila siku. Mwananchi akiambiwa jana ilikuwa hivi na leo imethibitika vile, ataelewa. Habari zikikatika, uvumi hushika nafasi yake, na uvumi haupimwi wala haupewi barakoa.

(c) Riziki ya watu itazamwe. Mtumishi mwenye mshahara wa mwezi anaweza kukaa nyumbani wiki mbili. Mchukuzi wa bandarini, muuza samaki na mama anayeuza urojo jioni hula leo alichokipata leo. Ukimkuta sokoni siku ya amri, usimhesabu kuwa mkaidi kabla hujauliza watoto wake watakula nini. Sharti lisilowezekana halimfanyi mtu awe mtiifu. Humfunza kuvunja sharti.

(d) Viongozi watangulie. Mkubwa akionekana katika mkusanyiko uliokatazwa, hata mara moja, hakuna tangazo litakalofuta picha hiyo katika macho ya watu.

(e) Wenyeji washirikishwe. Sheha, imamu, mwalimu wa madrasa, nahodha na mkunga husikilizwa pale ambapo barua ya wizara haifiki. Waitwe mwanzo, wapewe elimu kamili, na waulizwe ni njia gani itafaa katika shehia yao.

6. Jambo zito kuliko yote

Katika mambo yote, lililo gumu kwa watu wetu si kufunga duka wala kuvaa barakoa. Ni kutokwenda kumtazama mgonjwa, na kutokusanyika kwenye maziko. Kwa Mzanzibari, kulisindikiza jeneza ni haki ya maiti juu ya walio hai, na kutoonekana kwenye msiba ni aibu inayokumbukwa miaka mingi. Anayewaambia watu wazike wakiwa kumi badala ya mia anawaomba kitu kikubwa, na anapaswa kukiomba kwa lugha inayoonesha kwamba anajua ukubwa wake.

Kwa hiyo, isitoshe kukataza. Wafiwa waelezwe lililoruhusiwa: nani ataosha na kwa kinga gani, wangapi watasali, na kwamba jamaa wengine wanaweza kuomba dua wakiwa majumbani kwao na kuja kutoa mkono wa pole maradhi yatakapoondoka. Nao majirani wasimhukumu aliyebaki nyumbani. Aliyejizuia kuja msibani ili asiwaambukize wazee waliokuwapo hakuvunja ujirani; ameulinda.

7. Wajibu wetu

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Uviko-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi, 2020, na tarehe 5 Mei, 2023 likatangaza kwamba hali ya dharura ya kimataifa imekwisha. Kwisha kwa dharura hiyo si kwisha kwa maradhi ya mripuko. Imani ya wananchi haiwezi kuagizwa siku meli yenye mgonjwa inapotia nanga. Hujengwa siku za salama, katika kila kaunta ya ofisi, kila kituo cha afya na kila baraza la shehia ambapo mwananchi huuliza swali na kujibiwa kwa ukweli na heshima.

Maswali ya kujadiliwa ofisini, skulini na katika mabaraza ya shehia:

1. Ni nani katika shehia yako atakayehitaji chakula iwapo watu watatakiwa wakae nyumbani siku 14? Je, majina yao yanajulikana?

2. Kwa nini vijiji vya Samoa ya Marekani vilikubali kuwazuia hata ndugu zao pwani?

3. Iwapo nyumba yenye mgonjwa itatakiwa ijitangaze, ni jambo gani litakaloifanya isione khofu?

4. Ni sharti gani la mwaka 2020 ambalo halikutekelezwa mtaani kwako, na je, kosa lilikuwa la watu au la sharti lenyewe?