Malipo ya awali kambini: umtoze nani, lini na kiasi gani

Ukipita barabara ya Moi South Lake, ile inayozunguka Ziwa Naivasha upande wa kusini, utakutana na vibao vya kambi kimoja baada ya kingine. Kambi nyingine ni kubwa, zina baa na nyumba za mbao. Nyingine ni shamba la mtu tu: nyasi zimefyekwa, vyoo viwili, bafu moja la maji moto na mlinzi mwenye tochi. Ushauri huu ni wa hao wenye shamba. Kila sikukuu inapokaribia huulizana jambo lile lile: mgeni akipiga simu kuomba nafasi, atangulize pesa au tumwamini kwa neno lake?

Jibu langu ni kwamba si kila mgeni atozwe, wala si kila siku. Toza pale ambapo mgeni asipotokea utakuwa umemkatalia mwingine, au utakuwa umetoa pesa yako mfukoni kwa ajili yake. Kwingine kote chukua jina na nambari ya simu, yatosha.

Fikiria Jumanne ya mwezi wa Mei, mvua inanyesha, kambi ina mahema mawili. Mwendesha baiskeli yuko mbuga ya Hell's Gate, anakuuliza kama atapata pa kulala jioni. Asipokuja umepoteza nini? Nyasi ziko pale pale, na mlinzi angelipwa vivyo hivyo. Ukimdai shilingi 500 za kutanguliza, utajiongezea kazi ya risiti na yeye utampa sababu ya kulala kwa jirani. Wasafiri wa namna hii, hasa wale wa kutoka nje wanaotembea na mahema yao, huamua asubuhi watakapolala usiku, na wengi hawana njia rahisi ya kukutumia pesa kabla ya kufika. Mwambie tu: nithibitishie kwa ujumbe kabla ya saa nane mchana, ukinyamaza nafasi naiachilia. Hapo umelindwa bila kumgusa mtu mfuko.

Pasaka ni habari nyingine. Naivasha iko kama kilomita 90 kutoka Nairobi, na wikendi ndefu ikiingia nusu ya jiji huona ni karibu mno kukaa nyumbani. Kuna pia mbio za magari za Safari Rally, zilizorudi kwenye ratiba ya mashindano ya dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, na makao yake yakawekwa hapa Naivasha. Mwaka 2024 mbio hizo ziliangukia wikendi ya Pasaka yenyewe. Kwa siku kama hizo, mtu anayeshika nafasi kumi kwa mdomo halafu asitokee amekula mapato yako ya mwezi mzima, kwa sababu wale kumi uliowakatalia Jumatano tayari wamekwenda kwingine. Hapo usione haya kudai pesa mapema. Anayekwambia jirani hatozi, mwache aende kwa jirani. Nafasi yake itajaa kabla ya jua kutua.

Tukizungumzia mbio hizo, angalizo dogo: tarehe zake huhama. Zimewahi kufanyika Juni, zikasogezwa Machi. Mgeni asikuandikie tu "wikendi ya rali". Kwenye risiti andika tarehe zenyewe, na uandike kitakachotokea waandaaji wakizibadilisha.

Kundi ndilo linalohitaji malipo ya awali kuliko mtu yeyote, hata siku ambazo kambi haijajaa. Tuseme vijana wa kanisa 24 wanataka kuja Ijumaa hadi Jumapili, kila mmoja shilingi 1,000 kwa usiku. Usiku mmoja ni 24,000. Kabla hawajafika utakuwa umeita gari la maji kwa sababu tangi lako halitoshi watu 24 wanaooga asubuhi moja, umenunua kuni, umeongeza mlinzi wa pili, na pengine umeagiza mbuzi. Hizo si gharama za kurudishiwa dukani. Jumlisha unachotoa wewe mwenyewe kabla ya mgeni wa kwanza kushuka garini, kisha dai kiasi kisichopungua hapo. Kwa kundi hili ningedai 12,000, yaani nusu ya usiku wa kwanza. Ukidai 2,000 watazitupa bila kuumia kama mpango ukivunjika. Ukidai zote 48,000 mwezi mmoja kabla, mwenye kundi ataanza kujiuliza kama kambi hiyo ipo kweli.

Kuna faida nyingine ambayo wenye kambi wengi hawaihesabu. Malipo ya awali humsaidia yule kijana aliyepewa kazi ya kupanga safari. Kabla ya kulipa, ana watu 24 kwenye kundi la WhatsApp walioweka alama ya dole gumba, na dole gumba halinunui kuni. Akishaambiwa atume 12,000 kufikia tarehe fulani, inambidi akusanye, na katika kukusanya ndipo atakapojua kwamba safari ina watu 16. Afadhali nyote wawili mlijue hilo siku kumi kabla kuliko mlijue langoni.

Ugomvi mwingi kambini hauletwi na kundi lisilotokea kabisa, unaletwa na kundi lililopungua. Waliagiza nafasi 24, wamefika 15, nao wanataka kulipia 15. Weka siku ya kufunga hesabu. Kwa wikendi, Jumatano jioni inafaa: idadi watakayokutajia hapo ndiyo watakayolipia, hata wakipungua. Wakiongezeka baadaye, wataongezewa kama nafasi ipo. Sema hivyo unapopokea malipo ya awali, usingoje Ijumaa usiku.

Na sema kwa maandishi. Mkataba wa kurasa tatu hakuna atakayeusoma, ujumbe mmoja wa simu unatosha. Kwa mfano:

"Asante, tumepokea 12,000. Nafasi ya watu 24 ni yenu, kuingia Ijumaa tarehe 4, kutoka Jumapili tarehe 6. Salio 36,000 mtalipa mkifika. Idadi ya mwisho tuambieni kabla ya Jumatano saa kumi na mbili jioni, hiyo ndiyo tutakayotoza. Mkighairi siku 14 kabla, tunarudisha pesa yote isipokuwa gharama ya kutuma. Chini ya hapo haturudishi ila mnaweza kuhamishia tarehe nyingine mara moja, ndani ya miezi mitatu. Zikibaki siku tatu, pesa hairudi wala haihami. Sisi tukishindwa kuwapokea, mnarudishiwa zote siku hiyo hiyo."

Subiri ajibu "sawa". Jibu hilo lihifadhi.

Siku 14 na siku tatu si amri, kila mtu na biashara yake. Ila usiache katikati pakiwa wazi, maana ndipo wageni wengi huangukia: mtoto ameugua, gari limekataa kuwaka, bosi amebadilisha zamu. Kuhamisha tarehe hakukugharimu pesa taslimu na humwacha mtu akiwa bado mgeni wako. Mimi huongeza jambo moja ambalo wengine huliona la ukarimu kupita kiasi: aliyejitoa dakika za mwisho, na nafasi yake ikapata mtu mwingine, mrudishie nusu. Hukupoteza kitu, na naye atawasimulia wenzake. Lakini hilo lisiandikwe kwenye ujumbe, libaki hiari yako.

Sentensi ya mwisho ya ujumbe ule ndiyo wenye kambi huisahau. Ukishapokea pesa, na wewe umefungwa. Huwezi kupigiwa simu Alhamisi na kampuni yenye watu 40 na mfuko mnene, ukamgeukia kijana wa kanisa na kumwambia kumetokea hitilafu. Tena kando ya ziwa hili hitilafu za kweli zipo. Maji ya Ziwa Naivasha yalipanda sana mwaka 2020 yakafunika viwanja na nyumba zilizokuwa kavu miaka mingi, mtaa wa Kihoto ukiwemo. Kambi ikifurika, choo kikizama, au barabara ikikatika upande wako, rudisha yote bila mjadala. Mvua ya kawaida haihesabiki. Aliyekuja kulala hemani mwezi wa Aprili alijua anakuja wapi.

Ili uweze kurudisha, pesa hiyo isiguswe. Mwaka huo huo wa 2020, tarehe 6 Aprili, serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka eneo la Nairobi kwa sababu ya korona. Pasaka ilikuwa tarehe 12. Kwa kambi inayoishi kwa wageni wa Nairobi, wikendi iliyokuwa imelipiwa ilifutika kwa tangazo moja. Aliyekuwa ameweka malipo ya awali kando angeweza kuyarudisha jioni ile. Aliyekuwa ameyamwaga kwenye simenti ya choo kipya ilimbidi abembeleze. Pokea malipo ya awali kwenye laini au akaunti tofauti na ile ya matumizi, na yahesabu kuwa yako mgeni akishawasha moto wake wa kwanza. Kinachoruhusiwa kutoka mapema ni gharama za kundi lile lile, zikiwa zimebaki siku chache.

Upande wa mgeni nao una hofu zake, na ni za haki. Mitandao imejaa picha za nyumba za kulala wageni zisizokuwepo, na mtu aliyewahi kutuma pesa akafika akakuta ni duka la vyuma hatasahau. Jina litakalotokea kwenye simu yake anapolipa liwe ndilo lililoandikwa kwenye kibao chako. Pata nambari ya Lipa na M-Pesa ya biashara. Malipo yanayokwenda kwa jina la mpwa wako yanatia shaka hata kama mpwa ni mwaminifu. Mtumie ramani ya mahali, na picha ya kambi ya leo, si ile ya kabla ya maji kupanda. Akitaka kuongea na mtu, pokea simu.

Nawe jihadhari. Ujumbe wa M-Pesa wa kughushi unatengenezwa kwa dakika moja: maneno yote yamekaa sawa, ila umetoka kwenye nambari ya mtu wa kawaida badala ya jina MPESA. Usitoe risiti kwa kuonyeshwa ujumbe au picha yake. Fungua salio lako uone pesa ziko humo, ndipo uandike.

Kisha kuna lango. Kambi nyingi ndogo mwenyewe anaishi Nairobi au Nakuru na anapokea simu, huku mlinzi akipokea watu. Kundi linafika saa mbili usiku, limechoka, watoto wanalia, na mlinzi hajui lolote kuhusu 12,000. Anadai 48,000 kamili. Simu ya mwenyewe haishiki mtandao. Hapo malipo ya awali yaliyokusudiwa kuleta utulivu yameleta zogo, na wageni hao hawarudi. Dawa yake ni daftari moja langoni lenye safu za jina, idadi, tarehe, kilicholipwa na kilichobaki. Mlinzi aandike mwenyewe unapomsomea, kisha akutumie picha ya ukurasa huo kila Alhamisi. Kitakachokosekana mtakiona kukiwa bado mchana.

Limebaki la wanaojuana nawe: mteja wa miaka yote, shemeji, mwalimu wa shule ya jirani anayeleta skauti kila muhula. Hao watasema, "Yaani na mimi unanidai advansi?" Siku za kawaida usimdai. Siku za kujaa mpe njia mbili achague. Ama alipe kama wengine, ama umshikie nafasi bila pesa hadi siku saba kabla, na siku hiyo athibitishe kwa kulipa au uitoe kwa anayefuata kwenye orodha. Mwambie ana kwa ana au kwa simu, si kwa ujumbe, kisha tarehe hiyo iandike kwenye daftari la langoni mbele ya jina lake ili mlinzi naye asije akamhurumia.