Joto la kahawa linapotorokea bombani

SWALI: Nimeunganisha mashine yangu ndogo ya kukaangia kahawa na bomba lenye feni, litoe moshi dirishani. Tangu hapo buni zinachelewa kuiva na bomba linachemka. Nifanyeje?
Msomaji, Arusha

JIBU: Feni inavuta mno. Buni huanza kupasuka karibu na nyuzi 200 za Selsiasi, na hewa inayonyonywa kwa nguvu huondoka na joto kabla halijazikolea. Usibane mdomo wa bomba kwenye mashine. Acha nafasi ya vidole viwili hivi, feni ivute na hewa ya jikoni pia. Moshi utatoka, joto litabaki kwa buni, na bomba litapoa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni bomba lenyewe. Kama ni la plastiki, litoe leo. Weka la bati, fupi, lenye kona chache, kwani maganda membamba ya buni hunasa konani na hushika moto upesi. Lisafishe mara kwa mara.

Fungua pia dirisha la upande wa pili, maana feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia, na moshi huo huwa na kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu. Ukimaliza kukaanga, iache feni izunguke hadi mashine ipoe.