Programu Isiyouzwa Tena

Mtu anunuapo jembe dukani, jembe ni lake mpaka liishe. Mwenye kiwanda akifunga kiwanda chake kesho, jembe halitaacha kulima. Lakini mtu anunuapo programu ya kompyuta, aghalabu hanunui programu yenyewe. Anunua leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti yaliyoandikwa. Basi yafaa tuulize: mwenye programu akiacha kuiuza, ruhusa ile huwaje? Swali hili lawahusu wengi huku kwetu Shinyanga na Geita, toka ofisi ya shule mpaka duka la stationery pale Kahama, na hata chumba cha wapima miamba mgodini.

Kwa upande wa sheria jibu si gumu. Leseni ya kudumu haifi kwa sababu duka limefungwa. Soma mkataba wako, na kama haukutaja mwisho, ruhusa yako ingali hai. Lakini haki ya mtunzi nayo ingali hai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, ziwe zauzwa au haziuzwi. Kwa hiyo asiyenunua hapati ruhusa eti kwa kuwa bidhaa imezeeka.

Ugumu uko kwenye kufuli. Programu nyingine hufungwa kwa namba iliyochapwa juu ya kasha la sidii. Ukiwa na sidii na namba, waweza kuiweka tena hata baada ya miaka ishirini bila kumwuliza mtu. Nyingine hufungwa kwa ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta. Programu za migodini kwa miaka mingi zilifungwa hivyo. Ufunguo huo ukipotea, au ukiungua kwa radi za huku kwetu, programu hugoma ingawa ililipiwa fedha nyingi. Tena iko namna ya tatu, nayo ndiyo yenye hatari zaidi: kila programu iwekwapo upya hupiga hodi kwa njia ya intaneti kwenye seva ya mwenyewe ng'ambo, na kuomba kibali. Seva ikizimwa, hakuna wa kuitikia hodi.

Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya Adobe ya Marekani. Wazee wa kazi ya uchapaji wataikumbuka PageMaker, programu ya kupanga kurasa iliyotolewa na kampuni ya Aldus mwaka 1985. Adobe iliinunua Aldus mwaka 1994, na mwaka 2004 ikatangaza kwamba haitaiendeleza PageMaker tena. Mwenye sidii na namba yake hakuwa na haja ya kuomba kibali kwa mtu. Lakini Creative Suite 2, iliyotoka mwaka 2005, ilikuwa ya kupiga hodi, na mwishoni mwa mwaka 2012 Adobe ilizizima seva zilizokuwa zikiitikia. Aliyekuwa nayo tayari kwenye kompyuta nzima aliendelea na kazi. Diski yake ilipokufa, akataka kuiweka upya, hapo ndipo angekwama.

Adobe ilitoa nakala nyingine isiyoomba kibali, pamoja na namba yake. Watu wengi duniani walidhani ni zawadi wakaikimbilia. Kampuni ikaeleza kwamba ni kwa waliokwisha nunua tu. Mimi naona hapo ilitenda kiungwana, maana si kila kampuni hukumbuka kuwaachia wateja wake ufunguo. Hata hivyo angalieni: dawa ilitoka kwa mwenye programu, na ilihitaji mteja ajue habari, aichukue, na aihifadhi mahali pake.

Jambo hili lisichanganywe na lile la Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuipa masahihisho ya usalama ya bure, lakini kompyuta zenye Windows hiyo huwaka kama kawaida. Hapo kilichokoma ni matunzo, kibali hakikuguswa.

Sasa, mwenye leseni afanyeje? Hapana budi aanze mapema, programu ingali nzima. Na awe na daftari la leseni kama lilivyo daftari la vifaa vya maabara: jina la programu, namba, tarehe, risiti, na mahali sidii ilipo. Faili la kuiwekea programu na linakiliwe kwa kadiri mkataba unavyoruhusu, nakala moja ikae jengo jingine. Habari ya kufungwa ikisikika, mwandikie mwenye programu upesi umwombe kibali cha mwisho.

Kisha iko kompyuta yenyewe. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16 za mwanzo wa miaka ya 1990. Wengine huiweka kando mashine ya zamani, bila intaneti, kwa kazi hiyo moja. Wengine huunda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta mpya, nayo programu hudhani iko nyumbani kwake. Lakini huyo wa ndani naye huhitaji leseni ya Windows yake.

La mwisho ndilo husahauliwa. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi wa sasa ulianza mwaka 2000. Ramani ya karatasi ya siku zile, kama mchwa hawakuila, hufunguliwa kwa mikono miwili. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulifungwa mwaka 2021. Kumbukumbu za mgodi wa namna hiyo zimo katika kompyuta, na za maji na mashimo zaweza kutakiwa miaka mingi baada ya mashine kuondoka. Zikiachwa katika faili la programu moja tu, zitakufa pamoja nayo. Zikitolewa kuwa jedwali la maandishi matupu, namba ya shimo, kina kwa mita, dhahabu kwa gramu katika tani, safu zikitengwa kwa mkato, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ataweza kulisoma kwa programu yoyote iliyo mbele yake.