Taya la Mtoto Likivimba, Usingoje

Ugonjwa wenyewe
Ni saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt, jina la daktari aliyeiandika mwaka 1958 baada ya kuona watoto wengi wenye mataya yaliyovimba hospitali ya Mulago, Kampala. Huku kwetu Kanda ya Ziwa tunaijua. Haiambukizi. Mtoto hajarogwa.

Nani huipata zaidi
Watoto wa miaka 4 hadi 9, wavulana kuliko wasichana, hasa penye malaria isiyokatika.

Dalili
Taya linavimba upande mmoja. Meno yanalegea kabla ya umri wake. Jicho linatokeza, au tumbo linajaa huku mikono ikikonda. Mwanzoni huenda mtoto asilie maumivu, na hapo ndipo wazazi hudanganyika.

Usingoje
Uvimbe huu unaweza kukua mara mbili ndani ya siku 1 au 2. Ukingoja mnada uuze mbuzi, umechelewa. Nimechoka kupokea watoto wenye chale mbichi shavuni. Usimchanje. Usimkande kwa maji moto wala majani. Usimng'oe jino ukarudi naye nyumbani: jino limelegezwa na uvimbe, likitoka uvimbe unabaki. Bibi akisema "ni meno tu hayo", mwitikie kwa heshima, kisha mbebe mtoto zahanati leo. Ukipewa dawa za jino na baada ya siku 3 uvimbe uko palepale, omba rufaa. Umekua? Usimalize hata hizo 3. Usingoje.

Hospitalini
Watakata kinyama kidogo wakipime. Kisu hicho hakisambazi saratani, kuchelewa ndiko kunakoiacha isambae. Dawa hupitishwa kwenye dripu, kwa mizunguko. Wengi wanaowahi na kumaliza dawa hupona. Shavu huweza kunywea mapema, na hapo wazazi hutorosha watoto wodini. Ugonjwa bado umo!

Kinga
Chandarua chenye dawa, kila usiku, hata kiangazi. Si cha kuvulia dagaa. Homa ipimwe, dozi ya malaria imalizwe.

Watu wazima nao
Limfoma huwapata wakubwa pia. Tezi iliyovimba shingoni, kwapani au kinenani na isiyouma, ikipita wiki 3, kapime. Unayeishi na VVU, usiache dawa zako, maana kinga ya mwili ikishuka limfoma hupata njia. Unameza dawa za kifua kikuu na tezi haipungui? Rudi ukaseme.

Nauli
Huna nauli ya hospitali? Mwone mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo ya rufaa, si baada ya mavuno.