MLAKASA WA PWANI YA MALINDI: UMBO, JINA NA FASILI

1.0 Utangulizi
Mmea unapofasiliwa kwa maneno "aina ya mmea utambaao," msomaji hawezi kuutofautisha na mimea mingine mingi. Makala haya yanauchunguza mlakasa, mmea wa fukwe za Kilifi, Watamu, Malindi na Mambrui, ili kubainisha sifa zinazostahili kuingia katika fasili yake.

2.0 Umbo
Mlakasa (Ipomoea pes-caprae) ni wa jenasi moja na kiazi kitamu. Shina lake hutambaa juu ya mchanga kwa mita kadhaa, na vifundo vyake hutoa mizizi vinapogusa mchanga. Jani ni nene, halina vinyweleo, na ncha yake imegawanyika mara mbili mfano wa ukwato wa mbuzi. Unene huo huhifadhi maji, kwani mchanga wa ufukweni hukauka upesi na una chumvi. Likichumwa, hutoa utomvu mweupe. Ua lina umbo la faneli, rangi ya waridi inayoelekea zambarau, na koo lililokoza zaidi. Huchanua asubuhi na kunyauka siku iyo hiyo. Tunda likikauka hupasuka na kutoa mbegu zipatazo nne zenye manyoya. Mbegu hizo huelea baharini. Ndiyo maana mmea huu umeenea katika fukwe za nchi za joto duniani.

3.0 Jina
Mwaka 1753 Linnaeus aliupa mmea huu jina linalotokana na jani: pes-caprae ni Kilatini cha "mguu wa mbuzi." Neno la Kiswahili halielezi jani. Kwa umbo, linaelekea kuwa na kitenzi -la na nomino kasa. Hata hivyo, likichanganuliwa kama mla nyama, litamaanisha kiumbe kinachokula kasa, na wingi wake ungekuwa wala kasa. Wingi wa mlakasa ni milakasa, katika ngeli ya U-I, pamoja na mimea mingine. Kwa hiyo uchanganuzi wa umbo pekee hauthibitishi asili ya neno. Lililo dhahiri ni kwamba kasa hutaga mayai Watamu juu ya upeo wa maji kujaa, mahali uotapo mlakasa.

4.0 Hitimisho
Fasili inayopendekezwa ni hii: mlakasa nm mi- mmea wa ufukweni utambaao, wenye majani manene yaliyogawanyika ncha kama ukwato wa mbuzi na maua ya zambarau yenye umbo la faneli, ambao mizizi yake hushikilia mchanga.

Sifa ya mwisho isiachwe. Mlakasa ukifyekwa ili ufukwe uonekane safi, mchanga hupoteza kishikizo chake, na mwanafunzi hupoteza kitu ambacho angeonyeshwa kwa kidole. Hapo hubaki kamusi peke yake. Nayo ikiwa imesema "aina ya mmea," neno litakuwa limekwisha kupotea pamoja na mmea wake.