Somo la Kiingereza: "Still", "yet", "already" na "always", maneno madogo yanayoonyesha tumechoka kungoja



Katika somo lililopita tulijifunza majina ya viungo vya mwili kwa ajili ya wale wanaokwenda hospitali. Safari hii tunaingia katika vielezi vya wakati, yaani maneno yanayosema kama jambo limekwisha, linaendelea au bado. Tunajua wengine watasema: hayo tumeshayasoma, ni ya darasa la kwanza. Maana zake, ndiyo. Lakini maneno haya yana kazi ya pili ambayo vitabu vya darasa la kwanza havifundishi. Mwenye kuongea Kiingereza akichoka kungoja, mara nyingi hapigi kelele wala hatukani. Anaweka neno moja dogo katikati ya sentensi, na aliye ng'ambo ya dirisha anasikia kwamba analaumiwa.

Na sisi maisha yetu ni kungoja: kungoja kuitwa, kungoja kitambulisho, kungoja jibu la rufaa, kungoja daktari. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, lakini kila aliyepanga foleni hapa Kampala anajua kwamba dirishani atajibiwa kwa Kiingereza au Kiganda. Mtu akilaumiwa bila sababu hana haraka ya kutafuta faili lako. Kwa hiyo afadhali tujue tunachosema kabla hatujakisema.

Tuanze na neno letu "bado". Kiswahili kinalitumia pande mbili. Tunasema "bado yuko Nakivale", maana yake hajaondoka. Tunasema "bado hajafika Nakivale", maana yake safari haijakwisha. Tena tunajibu "Bado" peke yake, na mtu ameelewa. Kiingereza kimeligawa neno hili mara mbili. La kwanza ni "still", kwa jambo linaloendelea: "He is still in Nakivale." La pili ni "yet", kwa jambo ambalo halijatokea: "He has not arrived yet." Ukiulizwa kama umeshaandikishwa, usijibu "Still". Jibu ni "Not yet".

Hapo ni rahisi. Ugumu unaanza Kiingereza kinapoweka "still" pamoja na kukana. Angalia sentensi hizi mbili:

"I have not received the letter yet."
"I still have not received the letter."

Kwa Kiswahili zote mbili ni "Bado sijapata barua". Kwa sikio la Kiingereza si sawa. Ya kwanza inatoa habari tu: barua haijafika, labda itafika kesho. Ya pili inahesabu siku. Inasema barua ilitakiwa kuwa imefika, na mimi nimechoka. Si matusi, na kuna siku utaihitaji, lakini usiitumie siku ya kwanza unapokwenda kuuliza.

Tena angalia ni nani anayetajwa mwanzoni. Ukisema "You still have not called me", umemnyoshea kidole yule aliyeketi mbele yako, hata kama faili liko kwenye ofisi nyingine asiyoifahamu. Ukisema "I have not been called yet", habari ni ile ile lakini kidole hakipo. Hata kwetu ni hivyo: "hujaniita" na "sijaitwa" hazimwingii mtu sawa. Wengine wanafikiri wakiweka "please" mbele, sentensi inapona. Haiponi. "Please, you still have not called me" ni lawama iliyovaa tai.

Sasa tuliosoma kwa Kifaransa, yaani ndugu wa Kongo na wa Burundi, tuna mtego wetu wenyewe. Neno "toujours" kwa Kifaransa ni "bado", na pia ni "siku zote". Kiingereza hakikubali. "Always" ni siku zote tu. Mama mmoja anakwenda kumsalimu jirani aliyelazwa wiki iliyopita. Anataka kumwuliza kwa upendo, "Bado unaumwa?" Kichwani anapita kwa Kifaransa, mdomoni linatoka: "Are you always sick?" Jirani anasikia: wewe kila siku ni mgonjwa tu! Alitakiwa kusema "Are you still sick?" Vivyo hivyo ukimwambia mtu "I am always waiting", hasikii kwamba bado unangoja. Anasikia kwamba kazi yako duniani ni kungoja. (Pengine tungecheka, lakini siku nyingine ni kweli.)

"Always" ina mtego mwingine. Likifuatwa na kitendo chenye "-ing", mara nyingi linakuwa manung'uniko. "The landlord always comes on the first" ni habari ya kawaida: mwenye nyumba huja tarehe moja. "The landlord is always coming" maana yake anakuja kila saa, ametuchosha. Kwa hiyo "You are always losing my papers" haisemi kwamba karatasi zilipotea mara mbili. Inasema wewe ndivyo ulivyo, mtu wa kupoteza. Kama zilipotea mara mbili, sema "twice". Idadi haina hasira, na haikanushiki kwa urahisi. Hapa Kampala mtasikia pia "ever" likifanya kazi hiyo, kwa mfano "You are ever late". Anayekuambia hivyo hakusifu.

Tupite kwa "already". Kiswahili tuna "-sha-" na tunaipenda: umeshakula, ameshafika, tumeshalipa. Ndiyo maana wengi wetu tunapachika "already" kila mahali. Mara nyingi hakuna ubaya. "I have already paid" ni sentensi safi, na risiti mkononi ni safi zaidi. Ubaya unakuja katika swali. Nesi amempima mtoto kwa dakika mbili, anafunga daftari. Mama anataka kuuliza tu, "Umeshamaliza?" Anasema: "You have finished already?" Nesi anasikia: mbona upesi hivyo, hata hukumtazama! "Already" katika swali kama hilo huonyesha mshangao kwamba jambo limekwenda haraka. Kama huna mshangao, liache: "Have you finished?" inatosha.

Watoto wetu nao wanatoka kwenye vibanda vya video na kitu kingine: "Come already!" "Eat already!" Hapo "already" haisemi habari ya wakati uliopita. Ni kukosa subira peke yake, kama sisi tunavyosema "Njoo basi!" Wajuzi wa lugha wanasema matumizi haya yaliingia katika Kiingereza cha Marekani kupitia Wayahudi waliohamia huko kutoka Ulaya ya mashariki wakiongea Kiyidishi. Habari hiyo imetufurahisha: wageni walifika na lugha yao, na uchovu wao wa kungoja ukabaki katika Kiingereza cha wenyeji. Hata hivyo, mtoto asimwambie mwalimu.

Neno moja kwa waliofika karibuni. Mtu wa Kampala akikuambia "You first wait" au "First sit", usikasirike. Ni Kiganda kilichovaa Kiingereza, wao husema "sooka", na kwao "first" hiyo inalainisha amri. Na akisema "I'm coming" huku anatoka mlangoni, hilo hatuna haja ya kuwaeleza, maana hata sisi tunasema "nakuja" tukiondoka.

Msidhani basi kwamba tunawafundisha kunyenyekea hadi mtoto afe kwenye benchi. Kuna wakati wa kuonyesha kwamba subira imefika mwisho. Katika Zaburi ya 13 Daudi anamwuliza Mungu "hata lini" mara nne, wala hakukemewa. Kinachotakiwa ni kuyatumia maneno hayo kwa kupenda, si kwa kuteleza. Ukiwa na mgonjwa, "still" ni rafiki yako, mradi uiweke kwa mgonjwa: "We came in the morning and he is still vomiting." Hujamlaumu nesi, lakini umesema yote: saa zimepita, na hali haijabadilika. Hiyo ina nguvu kuliko "You are always ignoring us", hata kama ya pili inapoza moyo zaidi.

Ofisini, neno zuri ni "by now", yaani "kufikia sasa ilitakiwa iwe tayari". Lakini "by now" linataka tarehe nyuma yake. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaipa Kamati inayoamua maombi ya ukimbizi siku 90. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwa sauti ya chini kabisa: "I applied on the third of March. Today is the first of July. I think the answer should be ready by now." Hizo ni siku 120. Hakuna neno la hasira hapo, na hakuna ofisa asiyeelewa. Andikeni tarehe zenu kwenye daftari, wapendwa, kabla ya kuandika vielezi.

Kuhusu "any longer": "I cannot wait any longer" isemwe na mtu aliye tayari kuinuka na kuondoka. Ukiisema kisha ukaendelea kuketi, mara ya pili haitasikika.

Na onyo fupi kwa wenye mahojiano: "actually" si "actuellement". Kwa Kiingereza ni "kwa kweli", na mara nyingi hurekebisha lililosemwa kabla. Ukisema "Actually I live in Katwe", anayekuhoji anaweza kufikiri mwanzo ulimdanganya makazi. Sema "Now I live in Katwe".

ZOEZI. Andika tena sentensi hizi bila kumnyoshea mtu kidole, kisha useme ni ipi ungeiacha kama ilivyo, na kwa nini:

"You still have not given me the card."
"Are you always in the hospital?"
"The doctor has gone already?"
"My daughter is still bleeding."

Tutasahihisha Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Mama wenye watoto wadogo waje nao, na kila mtu alete kalamu yake.