Mwavuli na Blanketi la Dunia

Katika Chamwino, nchi ya Wagogo, msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Huanza yapata Desemba, huisha Aprili. Miezi mingine ni kiangazi. Kwa hiyo mtu aliyepanda mtama au uwele huyatazama sana mawingu, maana chakula cha watoto wake hutoka huko.

Lakini mawingu yana kazi mbili nyingine. Mchana, wingu zito likipita mbele ya jua, mkulima shambani huona ubaridi mara moja. Wingu ni mwavuli: hurudisha mwanga wa jua juu, usifike chini. Usiku kazi yake hugeuka. Mwezi wa Julai, mbingu zikiwa wazi, joto la ardhi hupanda likapotea, na watu huamka wakitetemeka. Usiku wa mawingu hauna baridi kali hivyo, kwa kuwa wingu huifunika nchi kama blanketi.

Basi, siku hizi joto la dunia linazidi. Watu wachomapo makaa ya mawe, mafuta na miti, hutoka hewa ya ukaa, nayo huzuia joto lisitoke. Kabla ya viwanda kuenea, katika sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 zilikuwa za hewa ya ukaa. Mwaka 2024 zilikuwa zimepita 420. Je, dunia ikipata joto, mawingu yatakuwa mwavuli zaidi, au blanketi zaidi?

Ili kujibu, wataalamu hufanya mfano wa dunia kwa hesabu ndani ya kompyuta. Huigawanya hewa yote katika vyumba, na upana wa chumba mara nyingi ni kilometa zipatazo 100. Chamwino na mji wa Dodoma huweza kuingia pamoja katika chumba kimoja! Wingu moja ni dogo kuliko chumba, kwa hiyo hukadiriwa tu. Ndiyo sababu majibu yalitofautiana. Mwaka 1979 wataalamu wa Marekani walisema ya kuwa hewa ya ukaa ikiongezeka mara mbili, joto litazidi kwa digrii 1.5 hata 4.5.

Baadaye mawingu yalipimwa kwa satelaiti miaka mingi, na mambo mawili yakadhihirika. Joto likizidi, mawingu ya chini juu ya bahari za nchi za joto hupungua, mwavuli hutoboka. Mawingu ya juu nayo hupanda juu zaidi, penye baridi, yakatoa joto kidogo tu kwenda angani, blanketi hubaki. Kwa hiyo mwaka 2021 jopo la wataalamu wa mataifa lilisema ya kuwa mawingu, kwa jumla, huongeza joto. Kadirio likawa digrii 2.5 hata 4.

Hesabu hizi hazimwambii mkulima wa Chamwino siku ya kupanda. Lakini zamwonya: joto likizidi, ardhi hukauka upesi, hata mvua ikinyesha kama zamani. Mwenye busara huyazuia maji ya mvua shambani mwake yasipite bure.

Maswali
1. Kwa nini usiku usio na mawingu huwa na baridi kali?
2. Mwavuli wa dunia hutobokaje?